Michezo mitano ya kuwafunza watoto hekaya za Wagiriki likizo hii

Mkoani Mara jina Kambarage si geni. Wapo watoto wanaoitwa hivyo, na zipo shule na viwanja vyenye jina hilo. Wanaojua maana yake ni wachache. Kwa Wazanaki, Kambarage ni mzimu wa mvua. Mtoto aliyezaliwa Butiama Aprili 13, 1922 alipewa jina hilo kwa sababu alikuja duniani mvua ikinyesha. Ndiye Mwalimu Julius Nyerere, ambaye kaburi lake liko Mwitongo, Butiama, jirani na makumbusho na msitu wa Muhunda ambao wenyeji wameuheshimu tangu enzi za mababu.

Mweleze mwanao hayo, kisha mwambie kwamba mbali kule Ugiriki watu wa kale nao waliamini mvua na radi vina mwenyewe. Walimwita Zeus, wakasema anakaa juu ya Mlima Olympus. Utaona macho yanavyomtoka. Ataanza kuuliza: alikuwa na watoto? Alikuwa anapigana na nani? Hapo ndipo hekaya za Wagiriki zinapoanzia, na hapo ndipo mzazi mwenye watoto kumi wa mtaa uani kwake anapopata kazi nzuri ya kuwapa likizo.

Huenda unajiuliza, Wagiriki wanatuhusu nini? Wanatuhusu kuliko tunavyodhani. Neno haijini, ambalo wauguzi hulitaja kila siku kliniki, limetokana na Hygieia, binti wa Asclepius, mungu wa uganga wa Wagiriki. Nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo, unayemwona kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na kwenye magari ya wagonjwa, ni alama ya huyo Asclepius. Michezo ya Olimpiki nayo ilianzia Olympia kwa heshima ya Zeus, na wanahistoria huhesabu ya kwanza kuwa ya mwaka 776 kabla ya Kristo.

Na kama unaona hadithi ya ugenini haiwezi kukaa vizuri katika Kiswahili, mkumbuke Mwalimu mwenyewe. Ndiye aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Aliona lugha yetu inatosha kubeba hadithi yoyote ya dunia. Ya Zeus pia itabebeka.

Jambo la pili ni afya. WHO inashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za kushughulisha mwili hadi apumue haraka. Shuleni hutembea, hukimbia, hucheza mpira wakati wa mapumziko. Likizo ikifika, wengi huhamia kwenye kochi na simu ya mama. Mchezo wa kikundi hurudisha zile dakika 60 bila gharama, na hadithi ndani yake humfanya mtoto atake kurudia kesho.

Namna ya kuendesha

Kila mchezo una hatua tatu. Kwanza simulia hadithi kwa dakika tano, si zaidi. Kisha wachezeni. Mwisho wakalishe chini kivulini, wanywe maji, na uwaulize maswali mawili. Hatua hii ya tatu usiiruke hata kama wanadai kuendelea kucheza. Mtoto aliyetoka kukimbia na kucheka husema mambo ambayo hawezi kuyasema ukimwita sebuleni na kumuuliza kwa uso mkavu.

Kama kuna mzazi anayehofu kwamba watoto wanafundishwa kuabudu miungu, mtoe wasiwasi. Waambie watoto wazi: haya watu wa kale waliyaamini, sisi tunayasimulia kama tunavyosimulia ya Sungura na Fisi.

1. Kondoo wa Polyphemus (miaka 5 na zaidi)

Hadithi: Odysseus na mabaharia wake waliingia katika pango la jitu lenye jicho moja, Polyphemus, mfugaji wa kondoo. Wakala jibini yake bila hodi. Jitu liliporudi likaziba mlango kwa jiwe na kuanza kuwala wageni. Odysseus alikuwa amejitambulisha kwa jina la Hakuna. Usiku wakalipofua lile jicho, jitu likapiga kelele. Majirani wakauliza, nani anakuumiza? Likajibu, “Hakuna ananiumiza!” Majirani wakarudi kulala. Asubuhi mabaharia wakatoka pangoni wakiwa wamejificha chini ya matumbo ya kondoo, huku jitu likipapasa migongo tu.

Mchezo: Mtoto mmoja ni Polyphemus. Mfunge macho kwa kitambaa, akae mlangoni, yaani kati ya mawe mawili au ndala mbili. Wengine wapite mmoja mmoja wakitambaa kwa magoti, mgongoni wamefunikwa kanga. Kila anayepita analia kama kondoo. Jitu linapapasa mgongo na kusikiliza sauti, kisha linataja jina. Likipatia, kondoo huyo anabaki pangoni. Likikosea, wote wanaitikia, “Hakuna!” na kondoo anapita. Atakayekamatwa wa mwisho ndiye jitu la raundi inayofuata.

Maswali: Nani alikosea kwanza, jitu au wageni walioingia bila hodi? Akili ilimsaidiaje Odysseus pale ambapo nguvu zisingemsaidia?

2. Njia za Minotaur (miaka 7 na zaidi)

Hadithi: Katika kisiwa cha Krete palikuwa na jengo lenye njia nyingi za kupoteza watu. Ndani yake alikaa Minotaur, nusu mtu nusu fahali. Theseus aliingia kumkabili, na binti wa mfalme, Ariadne, akampa kidonge cha uzi. Alifunga ncha ya uzi mlangoni, akaukunjua kadiri alivyoingia ndani, na baada ya kumshinda Minotaur akaufuata uzi huo hadi nje.

Mchezo: Unahitaji watoto 12. Tisa wasimame safu tatu za watu watatu, wakitazama upande mmoja, mikono imenyooshwa na kushikana na wa kulia na wa kushoto. Hapo katikati ya safu panakuwa na vichochoro. Mmoja ni Theseus, mmoja Minotaur, na mmoja Ariadne anayesimama nje. Minotaur anamkimbiza Theseus vichochoroni, na hakuna ruhusa ya kupita chini ya mikono. Ariadne akipaza sauti “Geuka!”, wote tisa wanaachiana mikono, wanageukia kulia robo mzunguko na kushikana na majirani wapya. Vichochoro vyote vinabadili mwelekeo papo hapo. Ariadne hodari ataita wakati Minotaur anakaribia kumgusa Theseus. Wakiwa 18, fanya safu tano za watatu.

Maswali: Je, Theseus angetoka bila Ariadne? Ukipotea sokoni au mnadani, uzi wako ni upi? Jibu la swali la pili lifanyie kazi hapohapo. Mtoto wa miaka saba anapaswa kujua majina kamili ya wazazi wake, jina la mtaa au kijiji, na namba moja ya simu kwa kichwa.

3. Rede ya Achilles (miaka 7 na zaidi)

Hadithi: Mama yake Achilles alimchovya mtoto wake katika mto wa kuzimu ili asidhurike na silaha yoyote. Lakini alikuwa amemshika kisigino, na kisigino hakikulowa. Miaka mingi baadaye, katika vita vya Troya, mshale uliomuua ulimpata hapohapo. Madaktari hadi leo huiita kano ya Achilles ile kano nene inayounganisha misuli ya nyuma ya mguu na mfupa wa kisigino. Waambie watoto waishike wenyewe.

Hapa mzazi wa Mara ana utajiri mkononi. Wajaluo wa Rorya na wa ng'ambo ya mpaka, Kenya, wanaye Lwanda Magere, shujaa aliyekuwa na mwili mgumu kama jiwe. Nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake, na mke aliyetoka upande wa maadui ndiye aliyeigundua siri hiyo. Pwani yupo Fumo Liyongo, ambaye hakuuawa kwa mshale wala mkuki, isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni. Simulia wote watatu, waache watoto wachague wampendaye.

Mchezo: Ni rede ileile wanayoijua, wawili wakirusha mpira na wengine wakikwepa katikati, ila tumia mpira laini wa matambara. Kabla ya kuingia, kila shujaa anamnong'oneza mwamuzi sehemu yake dhaifu: goti, bega, kisigino au mgongo. Kichwa na uso haviruhusiwi. Mpira ukimgusa kwingine, hatoki. Warushaji wanapaswa kutazama kila mmoja anakinga nini zaidi, kwa maana anayeficha goti kila mara ameshajisema.

Maswali: Shujaa amwambie nani udhaifu wake? Wewe unaogopa nini ambacho hujamwambia mtu? Usicheke jibu, hata kama ni giza la chooni. Wakati mwingine mtoto atataja njia fulani ya kwenda shule au mtu fulani. Lishike hilo, umuulize baadaye mkiwa wawili.

4. Machungwa ya Atalanta (miaka 6 na zaidi)

Hadithi: Atalanta alikuwa msichana mwenye mbio kuliko wavulana wote. Baba yake alipotaka aolewe, yeye hakutaka, akaweka sharti: atakayemshinda mbio ndiye atakayemuoa. Wengi walishindwa. Hippomenes akaja na matunda matatu ya dhahabu. Kila Atalanta alipompita, alirusha moja kando ya njia, Atalanta akageuka kuliokota. Kwa tunda la tatu Hippomenes akatangulia kufika.

Mchezo: Chora mstari wa kuanzia na wa kumalizia, hatua 30 hivi. Wagawe watoto makundi mawili. Kutoka kila kundi anatoka mkimbiaji mmoja. Wa kwanza ni Atalanta. Kando ya njia yake weka machungwa matatu, na lazima ayaokote yote kabla ya kufika. Wa pili ni Hippomenes, anakimbia moja kwa moja lakini kwa kuruka mguu mmoja. Jozi inayofuata wabadilishane. Kundi lenye ushindi mwingi linamenya machungwa, na yote mawili yanakula. Wanawe mikono kwanza, na hapo ndipo pa kumtaja tena Hygieia.

Maswali: Atalanta alishindwa kwa mbio au kwa ujanja? Yeye mwenyewe alitaka nini, na nani alimuuliza?

5. Helios amesema (miaka 8 na zaidi)

Hadithi: Demeter alikuwa mungu wa nafaka, na binti yake aliitwa Persephone. Siku moja binti akichuma maua, ardhi ilipasuka, akatoka Hades, mtawala wa kuzimu, akamchukua. Zeus, baba wa binti, alikuwa amekwisha kukubali jambo hilo. Mama hakuambiwa. Binti hakuulizwa. Demeter akazunguka dunia siku tisa akimtafuta. Hecate alikuwa amesikia kilio, lakini hakuona. Aliyeona ni Helios, jua, na Helios akasema. Demeter akakasirika, akazuia mbegu zisiote, watu wakafa njaa, mpaka Zeus akalazimika kuagiza binti arudishwe. Kwa kuwa alikuwa amekula kokwa la komamanga kule kuzimu, alipaswa kurudi huko sehemu ya kila mwaka. Wagiriki walisema anapokuwa chini, mashamba hulala, anaporudi, huchipua.

Mchezo: Watoto wachuchumae kwa duara, ni mbegu ardhini, macho yamefumbwa. Demeter asimame katikati, naye amefumba. Kiongozi anamgusa mmoja begani: huyo ni Hades. Anamgusa wa pili: Persephone. Hao wawili wanatoka kimyakimya, Persephone anajificha nyuma ya nyumba au mti, Hades anarudi mahali pake. Anamgusa wa tatu: Helios, na huyo peke yake anafumbua macho na kuona kila kitu. Kiongozi akipiga makofi, wote wanafumbua. Demeter anaruhusiwa kuuliza watoto watatu tu, “Umemwona mwanangu?” Ambaye si Helios anajibu, “Sijaona.”

Akimuuliza Helios, Helios anasema alipo. Asipomuuliza, Helios hasubiri. Anasimama, anapaza sauti “Mimi nimeona!” na kukimbilia mti uliochaguliwa kuwa salama, kabla Hades hajamgusa. Akifika, Persephone anarudi, na mbegu zote zinaruka juu kama mahindi baada ya mvua za masika. Hades akimwahi, duara zima linabaki limechuchumaa hadi raundi ijayo. Baada ya kuchuchumaa raundi mbili, watoto wenyewe wataanza kumpigia kelele Helios aseme mapema.

Maswali: Kwa nini ni vigumu kusema jambo ambalo hujaulizwa? Ukiona mwenzako anapelekwa mahali asikotaka, utamwambia nani?

Kwa nini mchezo huu usiukose

Mkoani kwetu swali hilo la mwisho si la kubuni. Likizo ya Desemba, wakati watoto wengine wanasubiri Krismasi, baadhi ya wasichana wa Mara huishi kwa hofu ya ukeketaji. Takwimu za kitaifa za afya zinaonyesha kwamba kati ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 mkoani Mara waliokeketwa walikuwa asilimia 32 mwaka 2015/16, na asilimia 28 katika utafiti wa mwaka 2022. Inashuka, lakini bado ni zaidi ya mmoja kwa kila wanne. Madhara yake tunayajua: kutokwa damu nyingi, maambukizi, pepopunda, maumivu ya muda mrefu na hatari wakati wa kujifungua. Sheria imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998.

Mara nyingi mambo huenda kama katika hadithi: mkubwa mmoja amekubali, mwingine hajaambiwa, na binti hakuulizwa. Lakini watoto huwa wamesikia. Wanajua nani anatarajiwa kupelekwa kwa bibi, na lini. Wanachokosa ni ruhusa ya kusema. Mtoto aliyezoea kuwa Helios uani, akashangiliwa na wenzake kwa kusema bila kuulizwa, ana mahali pa kuanzia. Na si kwa ukeketaji peke yake. Ni kwa mtu anayewapa lifti wanafunzi njiani, kwa ndoa inayopangwa kimyakimya, kwa mtoto anayepigwa nyumba ya jirani.

Akisema, kazi yako, mzazi, ni tatu. Msikilize hadi mwisho bila kumkaripia. Usimwahidi kwamba itakuwa siri. Kisha chukua hatua: Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ofisa ustawi wa jamii, au piga namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haitozwi. Namba hiyo wafundishe watoto wenyewe. Ni fupi kuliko jina la Polyphemus.

Kabla ya kuanza

Chagua uwanja tambarare usio na miiba wala chupa. Majabali ya Butiama yanapendeza kwa pango la jitu, lakini simulieni chini yake, msicheze juu yake. Kwa wakazi wa Musoma na Bunda walio jirani na ziwa, safari za Odysseus zifanyike nchi kavu tu. Chezeni asubuhi kabla ya saa nne au jioni baada ya saa kumi, na maji ya kunywa yawe karibu.

Mtoto mwenye ulemavu au pumu asiwekwe kando. Ariadne na Helios ni nafasi za kuongoza, na katika Helios mnaweza kukubaliana kwamba sauti peke yake inatosha bila mbio. Wavulana na wasichana wabadilishane nafasi zote. Mvulana akiwa Persephone mara moja, ataielewa hadithi vizuri zaidi.

Hekaya nyingine za Wagiriki zina ukatili usiowafaa wadogo, kama ile ya Kronos kumeza watoto wake. Ziache hadi wafikishe miaka 12 na kuendelea.

Na mkishamaliza hizi tano, mgeukieni mzee wa nyumbani. Waganda husimulia jinsi Nambi, mke wa Kintu, alivyorudi nyumbani kwao kuchukua mtama wa kuku, na kifo kikamfuata duniani. Ni ndugu wa hadithi ya Pandora na chombo chake kilichotoa maradhi. Bibi wa Kizanaki, Kijita, Kikurya au Kikwaya anazo za kwake ambazo hazijaandikwa popote. Mkalishe kivulini, watoto wamsikilize kwa dakika tano zilezile, kisha wape kamba, kanga na mpira wa matambara, uwaambie watunge mchezo wa sita wenyewe.